Swali Lisiloulizwa Mbele ya Mtoto

Tulifika Gitega jua likizama, tukakuta mlango wa Makumbusho ya Taifa umekwisha fungwa. Bawabu alitusihi kwa upole turudi asubuhi, nasi tukarudi. Asubuhi hiyo ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi wa shule ya msingi, madaftari mkononi, wakiongozwa na mwalimu wao kutoka kabati hadi kabati. Waliuliza bila hofu. Mkuki huu ulikuwa wa nani? Chungu hiki kilipikiwa nini? Mbona ngoma hii ni kubwa kuliko mimi? Kila swali lilipata jibu, na kila jibu lilizaa swali jingine.

Nyuma ya watoto hao alisimama baba mmoja aliyemsindikiza bintiye. Alitazama kila kitu kwa makini kuliko watoto wote, na mbele ya ngoma alikaa kitambo kirefu, lakini hakufumbua kinywa. Tulipotoka nje tulimwuliza kama aliyoyaona yalimpendeza. Alijibu kwamba yalimpendeza sana, na kwamba alikuwa na maswali matatu. Basi mbona hakuuliza? Alicheka kidogo, akatazama upande alikokuwa binti yake, kisha akasema, "Ndugu zangu, mtu hajifunzi kusoma mbele ya mwanawe."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Tunatumia fedha na jasho jingi kumfundisha mtoto, na ni haki yake. Lakini ni nani aliyemtengea mtu mzima saa yake na mahali pake pa kuuliza?

Milango inayofunguliwa usiku

Katika miji kadhaa ya ng'ambo swali hilo limepata jibu moja lililo jepesi. Makumbusho ya Sayansi ya London yamekuwa na desturi ya kufungua milango jioni kwa ajili ya watu waliotimiza miaka 18 peke yao. Huko San Francisco, Marekani, kuna nyumba iitwayo Exploratorium, iliyoanzishwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer. Bwana huyo alipata kuwa mwalimu wa shule ya sekondari katika mji mdogo wa milimani, na humo aliona kwamba mwanafunzi huelewa upesi zaidi anapokishika kitu kwa mkono wake kuliko anapokisoma ubaoni. Nyumba yake aliijaza vyombo vya kugusa, kuzungusha na kupuliza. Kuanzia mwaka 2009 nyumba hiyo ilianzisha jioni za watu wazima.

Msomaji asije akadhani kwamba "watu wazima tu" maana yake ni mambo ya aibu. Hapana shaka kinywaji huuzwa, na muziki hupigwa. Lakini vyombo ni vile vile vya mchana. Kilichobadilika ni watu. Mchana mtu mzima hujitenga kando na kumwachia mtoto nafasi, maana ndiyo adabu. Usiku anakuta kwamba chombo kinamngoja yeye. Hukigusa, hukosea, huwacheka wenzake na wenzake humcheka, kisha huuliza. Wakati mwingine mtaalamu husimama na kuzungumza juu ya uzazi, mauti, maradhi au ulevi kwa maneno ambayo asingeyatumia mbele ya watoto wa darasa la tatu.

Si jambo geni kwetu

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wenye umeme mwingi na nafasi nyingi. Sisi tunasema kwamba jambo hili lilikuwako katika nchi zetu kabla ya umeme, nalo lilikuwa na masharti makali kuliko ya London.

Mfano mmoja uko karibu sana. Ukivuka mpaka wa Kobero, ulio upande wa Muyinga, unaingia mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Katika mkoa huo wazee wa Buhaya walijua kuyeyusha chuma kutoka katika mawe. Katika miaka ya 1970 wazee hao walijenga tanuri upya mbele ya watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery. Mwaka 1978 watafiti hao walichapisha makala wakieleza kwamba mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivuo yaliingizwa ndani ya tanuri, hata upepo ukapata moto kabla ya kuufikia mkaa, na joto likapanda sana. Wataalamu wamebishana juu ya kiasi cha joto hilo, lakini hakuna aliyebisha kwamba wazee wale walikuwa mafundi wa sayansi. Nchini Burundi na Rwanda pia yamechimbuliwa mabaki ya tanuri za zamani za jadi hiyo.

Basi mahali pa kuyeyushia chuma hapakuwa mahali pa watoto. Tanuri ilihesabiwa kuwa tumbo la mama, na chuma kuwa mtoto atakayezaliwa. Mafundi walilala kambini, mbali na wake zao, mpaka kazi iishe. Elimu ile ilikuwa ya watu wazima kwa sababu ilizungumza juu ya uzazi waziwazi. Pwani nako, jando na unyago vilikuwa na sheria yake: aliyekuwa bado hajafikia umri hakuingia.

Turudi kwenye ngoma aliyoitazama yule baba wa Gitega. Makumbusho yale, yaliyofunguliwa mwaka 1955, yana vikapu, vyungu, silaha, mapambo na picha za enzi ya wafalme, lakini ngoma ndiyo humsimamisha kila mgeni. Kilomita chache kutoka mjini uko mlima wa Gishora, makao ya ngoma yanayohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa Kirundi neno *ingoma* ni ngoma, na tena ni ufalme. Kila mwaka, siku ya umuganuro, mwami aliruhusu mtama upandwe, na ngoma kuu Karyenda ilikuwa katikati ya sherehe hiyo mpaka ilipokomeshwa wakati wa utawala wa Wabelgiji.

Hayo mtoto huambiwa. Lakini mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoizungumzisha ngoma, na viungo vya ngoma vimepewa majina ya mama. Ngozi yake ni *icahi*, ngozi ya kumbebea mtoto. Ukingo wake ni *urugori*, taji la mwanamke aliyezaa. Vigingi vinavyoibana ngozi ni *amabere*, maziwa ya mama. Kiwiliwili chake ni *inda*, tumbo, na kitako chake ni *umukondo*, kitovu. Mwili mzima ni wa mama, lakini wapigaji ni wanaume, na amri ya rais ya mwaka 2017 ilithibitisha kwamba upigaji wa ngoma hiyo ni wa wanaume. Mtu mzima akisikia hayo lazima atauliza kwa nini. Je, yule baba angeuliza vipi, bintiye akiwa amemshika mkono?

Jioni moja Muyinga

Tukiwa bado tunayafikiri hayo tulipanda gari, tukapita Karusi, tukafika Muyinga. Mji huu wa kaskazini-mashariki ni mji wa kahawa na wa malori yaendayo mpakani. Kiswahili husikika sokoni na msikitini, na mgeni kutoka Kigoma au Ujiji hapati tabu ya kusalimiana. Huko tulikuwa tumealikwa na walimu wawili wa sekondari na mwuguzi mmoja, ambao waliwakaribisha majirani katika ua wa nyumba kwa jioni ya sayansi. Sharti lilikuwa moja: watoto walale kwanza.

Hapakuwa na jengo la makumbusho. Palikuwa na mkeka, taa mbili, jiko la makaa, ngoma mbili za kawaida na kilo ya maharagwe. Baada ya sala ya Isha, yapata saa mbili usiku, watu kama thelathini walikuwa wameketi, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Kwa kuwa wengi wa majirani ni Waislamu hapakuwa na pombe. Ilipitishwa kahawa ya tangawizi.

Mwalimu wa fizikia alizisimamisha ngoma mbili zikitazamana, mbali kidogo. Juu ya ngozi ya ile ya pili alinyunyiza punje za mtama. "Jamani, tazameni mtama, msinitazame mimi," alisema, kisha akaipiga ngoma ya kwanza. Mtama ulitikisika kidogo tu. Akaichukua ile ya kwanza, akaizungusha juu ya makaa mpaka ngozi ikauka na sauti ikapanda, akizidi kusikiliza mpaka sauti za ngoma zote mbili zilipolingana. Akapiga tena. Punje ziliruka juu ya ngoma ambayo hakuna mkono ulioigusa.

Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Imeitika!" Watu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. "Mzee umesema kweli," alijibu. "Imeitwa kwa jina lake, ndiyo maana ikaitika." Akaeleza kwamba ngozi inapopigwa huusukuma upepo mbele na nyuma, mara nyingi kwa nukta moja, na msukumo huo husafiri mpaka ngozi ya pili. Ngozi ya pili ikiwa imekazwa sawasawa na ya kwanza, kila msukumo huikuta tayari, kama mtu anayesukuma pembea kwa wakati wake. Unyevu huilegeza ngozi, moto huikaza. Ndiyo sababu ya wapigaji kuianika ngoma juani au kuiota motoni. Kila mtu pale alikuwa amewahi kumwona mpigaji akifanya hivyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza kwa nini. Sasa mkono baada ya mkono uliinuliwa, na mama mmoja mwenye mvi aliomba apige yeye mwenyewe, akapiga, akauona mtama ukiruka, akarudi kuketi akitabasamu.

Maharagwe mawili

Ndipo mwuguzi alipochukua zamu yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alisema atazungumza juu ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli na hospitali za huku, zifuatazo Kifaransa, huuita drepanositozi. Jina la Kiswahili linajieleza: seli nyekundu za damu, ambazo hupaswa kuwa mviringo, hupinda kama mundu. Zikipinda hukwama katika mishipa midogo. Mtoto huvimba vidole, huumwa mifupa, huishiwa damu, huwa na macho ya njano. Hakuna mtu aliyejongea. Tulielewa kwamba wengi wao walikuwa wamewahi kumwona mtoto wa namna hiyo.

Aliomba mzee mmoja na bibi mmoja wajitolee kuwa wazazi. Hawakuwa mume na mke, na kicheko kilichotokea kiliondoa uzito. Kila mmoja alipewa mfuko wenye maharagwe mawili, moja jeupe na moja jekundu. "Kila mzazi ana mawili, lakini humpa mtoto moja tu," alieleza, "wala hachagui. Jekundu ni la ugonjwa. Mwenye moja jekundu na moja jeupe haumwi. Hutembea, hulima, huoa, huolewa, bila kujua. Mtoto akipata jekundu kwa baba na jekundu kwa mama, huyo ndiye mgonjwa."

Wakaanza kuchomoa, kila mmoja moja, wakiyarudisha mifukoni kila mara. Mwalimu alikuwa akiandika kwa makaa juu ya ubao. Katika mara 40 mekundu mawili yalitoka mara 11. Mwuguzi alisema kwamba hesabu ya haki ni moja kwa kila nne, ila bahati haina deni: kumpata mtoto mgonjwa leo hakumkingi wa kesho, na maharagwe hayakumbuki yaliyotoka jana.

Kisha akaeleza jambo ambalo lingefaa kuandikwa katika kila makumbusho ya Afrika Mashariki. Kwa nini harage jekundu halikwishi, iwapo huua watoto? Jibu lilipatikana katika nchi zetu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alifanya uchunguzi Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yake. Aliona kwamba mtu mwenye jekundu moja na jeupe moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mahali palipo na mbu wengi, watu hao walipona zaidi utotoni, wakakua, wakazaa, wakaliendeleza harage lile. "Kwa hiyo si laana," alisema mwuguzi. "Ni silaha ya zamani iliyo na makali pande mbili."

Upande wa wanaume alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu jioni ianze. Sasa aliinua mkono.

"Sista, kama mfuko wa baba una meupe mawili?"

"Basi, baba, hakuna mtoto atakayeugua. Hata kama mama ana jekundu."

"Kwa hiyo mtoto akiugua, lazima moja limetoka kwa baba yake."

"Moja kwa baba mzazi, moja kwa mama mzazi. Halitoki kwa mmoja peke yake."

Kimya kilitanda. Yule bwana alitazama mifuko miwili iliyokuwa juu ya mkeka. Upande wa pili wa ua mwanamke mmoja alikuwa ameufunika uso kwa pembe ya kitenge chake. Hatukuuliza chochote, wala haikuwa haki yetu kuuliza. Lakini mwuguzi alitueleza baadaye, bila kumtaja mtu, kwamba ameona wanawake wakirudishwa kwao, wakisingiziwa uchawi au damu mbaya, kwa sababu ya maharagwe mawili ambayo moja lilitoka mfukoni mwa mume.

Jioni iliendelea. Mwuguzi alisema kwamba kuna kipimo cha damu cha kumtambua mwenye jekundu moja. Kwamba mtoto akitambuliwa mapema hupewa dawa ya kumkinga na maambukizo, hunyweshwa maji mengi, hukingwa na malaria. Na kwamba iko dawa iitwayo haidroksiyurea ipunguzayo maumivu. Watu walipoanza kuaga, yule bwana alibaki nyuma. Tulimsikia akiuliza kipimo hicho hufanyiwa wapi. Mwuguzi alimwuliza kama ni kwa ajili ya mkewe. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Ni kwa sisi wawili."

Yafaayo kufanywa

Tumejiuliza kama bwana huyo angeuliza swali lake mchana, ukumbini, kati ya watoto wa shule. Hangeuliza. Tumejiuliza pia kama angeuliza hospitali, akiwa na mkewe pembeni na mstari wa wagonjwa nyuma yake. Pengine hangeuliza. Aliuliza kwa sababu kwanza aliwaona wazee wenzake wakishangaa ngoma, wakikosea, wakicheka, wakiuliza bila kudharauliwa. Mtama uliomrukia machoni ndio uliompa ujasiri wa kuuliza juu ya damu yake. Ndiyo kazi hasa ya jioni za namna hii. Mtu mzima habebi ujinga wake kwa kupenda. Huubeba kwa sababu hapati mahali pa kuutua, na mzigo huo humlemea yeye, na mkewe, na mtoto aliye kitandani.

Tunajua yapo mapingamizi. Usiku una hatari zake, umeme hukatika, watumishi wa makumbusho nao wana nyumba zao. Wengine watashuku kila kinachofanywa usiku bila watoto. Lakini Muyinga tuliona kwamba gharama yote ilikuwa makaa, kahawa na kilo moja ya maharagwe, na kazi ilikwisha kabla ya saa nne usiku. Makumbusho ya Gitega yana tayari kile ambacho ua wa Muyinga haukuwa nacho: ngoma zenye historia, vyombo, picha, na jina linaloheshimiwa. Yakifungua mlango jioni moja tu kwa mwezi, na kumwita mwalimu, mhunzi na mwuguzi waketi pamoja, yatakuwa yamewafikia watu ambao shule haitawaona tena. Na kwa miji iliyo mbali kama Muyinga, si lazima watu waende Gitega. Ngoma moja na picha chache zaweza kusafiri zikarudi.

Wazee walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Waliosema hivyo walikuwa watu wazima, na hapana shaka walimaanisha watu wazima pia. Yule baba wa Gitega bado ana maswali yake matatu. Binti yake hulala mapema. Mlango ukifunguliwa, atakuja.